Spider-Man anauza PlayStation, hela iko kwenye mpira

Pita kwenye vibanda vya gemu hapa Mtwara mjini, anzia Chikongola uende Magomeni, kisha shuka Mikindani. Karibu kila runinga ina mpira, na chini ya karibu kila runinga kuna PlayStation, mashine ya Sony. Kazi yangu ni kutengeneza na kuuza mashine hizi, na naona jambo hili linahitaji maelezo, kwa sababu gemu ya mpira haina upande. EA Sports FC, ambayo hadi toleo la FIFA 23 tuliijua kama FIFA, inatoka PlayStation, Xbox, Nintendo Switch na kwenye kompyuta. eFootball unaipata bure hata kwenye simu. Sasa kama kinachochezwa kutwa kipo kila mahali, mashine imekuwaje ya kampuni moja?

Jibu linaanzia kwenye gemu ambazo vibandani hazichezwi sana: gemu za kipekee, zile ambazo kampuni ya mashine inazifungia kwake ili mpinzani asizipate.

Watu wengi hudhani kampuni inatengeneza gemu ya kipekee ili iuze gemu hiyo. Faida ya namna hiyo ipo, lakini hesabu kubwa iko kwingine. Mashine yenyewe huuzwa kwa faida ndogo, na mara nyingi kwa hasara. Mwaka 2021, kwenye kesi ya kampuni ya gemu ya Epic dhidi ya Apple huko Marekani, kiongozi mmoja wa Microsoft, wenye Xbox, Lori Wright, aliulizwa mahakamani Xbox inaingiza faida gani kwa kila mashine inayouzwa. Alijibu kwamba haiingizi. Hela inakuja baadaye: kila gemu ya kampuni nyingine inayouzwa kwenye duka la mashine, mwenye mashine anakata kiasi cha asilimia 30. Ukinunua mpira, Sony wanakula. Ukinunua vifaa ndani ya GTA Online, gemu ya uhalifu na magari, wanakula tena.

Ukishaelewa hapo, matumizi yanayoonekana ya kichaa yanaanza kuwa na maana. Gemu ya The Last of Us Part II iliigharimu Sony dola milioni 220, na Horizon Forbidden West dola milioni 212. Tunazijua namba hizo kwa sababu nyaraka zilizopelekwa mahakamani mwaka 2023 zilifichwa kwa kalamu ya wino mweusi, na zilipopigwa skani namba zikasomeka chini ya wino. Hela yote hiyo haitafuti mnunuzi wa gemu moja tu. Inamtafuta mtu ambaye bado hajanunua mashine, kwa sababu akishaingia atalipa ushuru wa mpira, wa vita na wa magari kwa miaka.

Naliona jambo hili kaunta. Msimu wa korosho, malipo ya minada yakishaingia, tunapata wateja kutoka Newala na Tandahimba. Alikuja mzee mmoja na kijana wake wa sekondari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Huyu mwanangu anataka gemu, nimchukulie ipi?"

Nikamuuliza kijana atacheza nini. Mpira. Na nani? Na wenzake. Juu ya rafu kulikuwa na Xbox One iliyotumika, bei yake chini ya PlayStation 4 (PS4) iliyokuwa pembeni yake, na mpira ni ule ule. Nikamweleza mzee hivyo, akaipenda bei. Kijana akamvuta baba yake mkono: "Baba, hiyo haina Spider-Man."

Wakaondoka na PS4. Baadaye yule kijana alirudi kutengeneza pedi. Nilipoifungua nilikuta analogi ya kushoto, kile kijiti cha kuelekezea, imelika na kitufe cha R2 kimelegea. R2 ndicho cha kukimbilia kwenye FIFA, na mtu wa mpira hakiachii dakika tisini. Pedi zinazofika mezani kwangu nyingi zimeumia hapo hapo. Spider-Man ya 2018, ambayo Xbox haipo, ni gemu nzuri sana, naipenda mno, lakini ni ya mchezaji mmoja na ina mwisho. Ilifanya kazi yake siku ile kwenye kaunta. Tangu hapo Sony wanapata hela kutoka kwa yule kijana kupitia gemu ambayo angeweza kuicheza kwenye Xbox.

Na akishaingia, hatoki kirahisi. Rafiki zake wako huko, diski zake za huko, akaunti ni ya huko. Hata mashine ikifuata ya kizazi kingine, atanunua ya nyumba ile ile, kwa sababu PS5 inacheza karibu gemu zote za PS4.

Silaha hii si ya jana. Miaka ya 1980 Nintendo iliwabana watengenezaji kwa mkataba: gemu zisizidi tano kwa mwaka, na gemu ikitoka kwenye NES, mashine yao ya enzi hizo, isionekane kwenye mashine nyingine kwa miaka miwili. Ndani ya mashine waliweka chipu ya kukataa katriji (kasha la gemu linalochomekwa kwenye mashine) ambayo hawakuiidhinisha. Ule ulikuwa ukuta kamili, na Sega, wapinzani wao, waliupata mwanya mwaka 1991 tu walipomtoa Sonic, mhusika wa gemu yao, na kumweka ndani ya boksi la mashine yao.

Lakini ukuta huo huo ulibomolewa kwa silaha hiyo hiyo. Square, waliokuwa wakitoa Final Fantasy kwa Nintendo, waliondoka kwa sababu Nintendo 64 iling'ang'ania katriji, na katriji haikuwa na nafasi. Mwaka 1997 Final Fantasy VII ikatoka PlayStation kwenye diski tatu. Hapo Sony walikuwa bado wageni kwenye biashara hii. Halafu wakaja Microsoft. Mwaka 2000 waliinunua studio ya Bungie, iliyokuwa ikitengeneza Halo, na Novemba 2001 Xbox ya kwanza ikatoka sambamba na gemu hiyo. Ondoa Halo, Xbox ingekuwa kompyuta ndogo nyeusi iliyochelewa sokoni. Kwa hiyo mimi sikubaliani na wanaosema gemu za kipekee zinaua ushindani tu. Mgeni asiye na kitu cha kwake haingii.

Hapa kwetu historia hiyo ilifika kupitia PS2. Sony waliingia makubaliano ili GTA zitangulie kwao: GTA III mwaka 2001, Vice City 2002, San Andreas 2004. Xbox walizipata baadaye, San Andreas katikati ya 2005. PS2 ikauza zaidi ya mashine milioni 155 duniani, na kwa ninavyoona mimi, ndiyo sababu zilizotumika zilifika hadi huku kusini kwa wingi na kwa bei ya kufikika, spea zikapatikana, mafundi tukazizoea. Kizazi kizima cha Mtwara kilimjua CJ, mhusika mkuu wa San Andreas, kabla hakijajua kuna mashine inaitwa Xbox. Vibanda vya leo vimesimama juu ya mazoea yale.

Kuna kitu ambacho wachambuzi wengi wanakipita haraka, nacho ndicho kinachoamua nani aweze kuitumia silaha hii. Gemu ya kampuni nyingine ukitaka ikae kwako peke yako, lazima umfidie mtengenezaji mauzo atakayoyakosa kwa mpinzani wako. Mpinzani akiwa na mashine chache, fidia ni ndogo. Mpinzani akiwa amekuzidi mara mbili, fidia inakuwa mlima. Maana yake aliye mbele ananunua upekee kwa bei nafuu, na aliye nyuma, ambaye ndiye anauhitaji zaidi, anatozwa zaidi. Mwaka 2015 Microsoft walilipia Rise of the Tomb Raider itoke kwao kwanza, wakati PS4 imeshawaacha mbali kwa mauzo. Walipata mwaka mmoja tu. Oktoba 2016 gemu ikatua PS4, na msimamo wa soko haukubadilika.

Ndiyo maana baadaye waliacha kukodi gemu wakaanza kununua wenye gemu. Waliinunua ZeniMax, wenye Bethesda, kwa dola bilioni 7.5, kisha Januari 2022 wakatangaza kuinunua Activision Blizzard, wenye gemu ya vita ya Call of Duty, kwa dola bilioni 68.7. Serikali zikaamka. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilikwenda mahakamani ikihofia Call of Duty itafungiwa Xbox, na Julai 2023 jaji Jacqueline Scott Corley akakataa kulizuia dili. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilikataa kwanza, ikakubali baada ya haki za kuchezesha gemu hizo kupitia intaneti kuuzwa kwa Ubisoft. Njiani Microsoft wakasaini kuiacha Call of Duty kwa Sony na kwa Nintendo kwa miaka kumi. Angalia walichofanya: wamelipa bilioni karibu 69, na gemu kubwa kuliko zote ndani ya kifurushi hawakuifungia. Hesabu ya fidia niliyoitaja juu inawahusu hata baada ya kununua, kwa sababu mauzo ya PlayStation wangeyakosa wao wenyewe.

Kuanzia hapo milango ikafunguka. Februari 2024 Microsoft walitangaza gemu nne kwenda kwa wapinzani, Sea of Thieves ikiwemo. Forza Horizon 5 ikafika PS5 mwaka 2025, na Oktoba mwaka huo wakatangaza kwamba Halo yenyewe, ile ya kwanza iliyotengenezwa upya, inakwenda PS5. (Bungie, walioizaa Halo, wamekuwa mali ya Sony tangu 2022.) Sony nao wamepeleka gemu zao kwenye kompyuta, God of War na Spider-Man zilikwenda 2022. Gemu ikigharimu milioni mia mbili na zaidi, wamiliki wa mashine moja hawatoshi kuilipa. Nintendo peke yao hawajatikisika, kwa sababu gemu zao ndizo biashara yenyewe: Mario Kart 8 Deluxe imeuza zaidi ya nakala milioni 60 kwenye Switch. Switch hapa Mtwara naiona kwa nadra.

Kwa mzazi anayekuja kununua msimu huu, swali la gemu gani ipo wapi limepungua uzito, na mengine mawili yamepanda. La kwanza, watoto wa mtaani kwako wana mashine gani, maana hao ndio atakaocheza nao na kubadilishana nao diski. La pili, mashine ina mlango wa diski? PS5 ya Digital huuzwa bila mlango huo, na bei yake inavutia. Lakini bila diski kila gemu utaishusha kwa bando, makumi ya GB kwa gemu moja, huwezi kumuazima jirani, huwezi kuniletea nikuuzie ukishaichoka, na duka la kununulia litakuwa moja tu. Ukikuta hiyo kwenye rafu yangu, niulize kama inapokea kifaa cha diski cha kuongezea, na bei ya kifaa hicho, kabla hujalipia mashine.