Badiliko la kikemikali sio "lile lisiloweza kurudi"

Kila mada ya mabadiliko ya kiumbo na ya kikemikali ikiguswa lazima atokee mtu aseme "la kikemikali ni lile ambalo kitu hakiwezi kurudi kama mwanzo", wengine wanaitikia, wanafunzi wanakariri hivyohivyo na kuibeba mpaka kwenye mtihani. Nimeisikia mara nyingi mno sasa naona bora niandike, maana hili kosa halikai peke yake, linakuja kuwasumbua watu mbele kabisa kwenye fomula na kusawazisha milinganyo, na mtu anabaki anajiona hana akili ya kemia kumbe alishikishwa kipimo kibovu toka mwanzo.

Maana yenyewe ni fupi. Badiliko la kiumbo ni pale kitu kinapobadilika sura, ukubwa au hali, kutoka yabisi kwenda kimiminika au gesi, ila dutu inabaki ileile. Badiliko la kikemikali ni pale dutu uliyoanza nayo inapotoweka na kutokea nyingine yenye tabia zake, kwa sababu atomu zimeachana na zikashikana upya kwa namna tofauti. Basi, imeisha hiyo. Hakuna mahali popote kwenye maana hiyo panapouliza kama unaweza kurudi ulikotoka.

Hilo la kurudi najua linakotoka. Mifano ya kwanza karibu kila mtu anayopewa ni barafu na karatasi: barafu ikiyeyuka unaigandisha tena, karatasi ikiungua majivu hayawi tena karatasi. Mifano yenyewe ni sahihi kabisa, ila imetokea kwamba hivi vitu viwili vinatofautiana kwa mambo mawili kwa mpigo, dutu mpya na kurudishika, na mtoto anashika lile analoliona kwa macho na kuliacha lile lenye maana.

Vunja kioo uone. Hakuna namna utavirudisha vile vipande viwe kioo kizima kama kilivyokuwa, ila kila kipande ni kioo kilekile mpaka kwenye atomu zake. Saga jiwe liwe unga, pasua gogo liwe vumbi la mbao, hakuna kinachorudi hapo na yote ni mabadiliko ya kiumbo. Kwa kipimo cha "hairudi" ungeyapeleka upande wa kikemikali, ambao sio wake.

Upande wa pili ndo mtamu zaidi. Chukua kopa salfeti, zile fuwele za buluu, fomula yake CuSO₄·5H₂O, yaani kila CuSO₄ moja imeambatana na molekuli tano za maji ndani ya fuwele na hayo maji ndo yanafanya iwe buluu. Weka kidogo kwenye testityubu, ilaze mdomo uelekee chini kidogo, pasha moto taratibu. Buluu inaanza kufifia pale moto ulipo, fuwele zinapasuka-pasuka na kuwa unga, na karibu na mdomo ambako kioo bado ni cha baridi unaona matone ya maji yanajikusanya moja moja, hayo ndo yale maji yaliyokuwa ndani ya fuwele kavu kabisa (ndo maana mdomo unaelekezwa chini, matone yakirudi kwenye kioo cha moto testityubu inapasuka). Mwisho unabaki na unga mweupe. Usizidishe moto, ukizidisha sana unga unageuka mweusi, hiyo ni kopa oksaidi na hapo umeshaingia kwenye badiliko lingine. Acha ipoe halafu dondoshea maji kidogo. Buluu inarudi palepale unapoangalia, na ukishika testityubu kwa nje unasikia joto, maana kushikana upya huko kunatoa nishati.

CuSO₄·5H₂O ⇌ CuSO₄ + 5H₂O

Dutu mbili tofauti, fomula mbili tofauti, badiliko la kikemikali, na limerudi kwa matone machache ya maji. Ule mshale wa pande mbili upo kwenye kemia kwa kazi hiyohiyo, sasa kama mabadiliko ya kikemikali hayarudi ule mshale ungewekwa wa nini?

Ila jozi ninayoipenda kuliko zote ni iodini na amoniamu kloraidi. Pasha iodini: punje nyeusi zinazong'aa zinatoa mvuke wa zambarau, mvuke unapanda, ukifika juu kwenye ubaridi unaganda tena kuwa punje nyeusi. Pasha amoniamu kloraidi: unga mweupe unapungua chini na juu kwenye ubaridi unaganda utando mweupe. Kwa macho unaona kitu kimoja, yabisi imepanda ikaganda, na zote mbili zimerudi vilevile kama zilivyokuwa. Lakini iodini ilipanda ikiwa I₂ na ikaganda ikiwa I₂, hicho ni kiumbo tupu. Amoniamu kloraidi haikupanda ikiwa yenyewe, chini ilivunjika:

NH₄Cl → NH₃ + HCl

gesi mbili zikapanda kila moja na yake, zikakutana juu kwenye ubaridi zikaungana tena. Na hii haihitaji kuaminiwa kwa maneno, inaonyeshwa. Ziba testityubu katikati kwa sufi ya kioo, weka kwa juu karatasi za litmasi zilizolowana (zinageuka nyekundu kwa asidi na buluu kwa besi), pasha. Amonia (NH₃), ambayo ni besi, ni nyepesi, uzito wa molekuli yake ni 17 wakati wa haidrojeni kloraidi (HCl), ambayo ndo asidi, ni 36.5, kwa hiyo inapenya haraka na litmasi nyekundu inageuka buluu, halafu asidi inafika nyuma yake na kugeuza ya buluu kuwa nyekundu. Kulikuwa na dutu mbili mpya humo ndani na zilifika kwa zamu. Mtu wa "inarudi au hairudi" hawezi kutenganisha iodini na hii hata umpe siku nzima, kwa sababu kipimo chake kinatoa jibu lilelile kwa zote mbili.

Na kuna betri. Kila betri unayoichaji ni reaksheni, yaani badiliko la kikemikali, inaendeshwa mbele ukiitumia na kurudishwa nyuma ukiichaji. Ya kwanza ya namna hiyo, ile ya madini ya risasi (Pb) na asidi, ilitengenezwa na Gaston Planté mwaka 1859, na mlinganyo wake ukiusoma kutoka kushoto ni kutumia, ukiusoma kutoka kulia ni kuchaji:

Pb + PbO₂ + 2H₂SO₄ ⇌ 2PbSO₄ + 2H₂O

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kemia hii tunayosoma imejengwa juu ya badiliko la kikemikali lililorudishwa. Lavoisier, mwanakemia Mfaransa wa karne ya 18, alipasha zebaki ndani ya hewa iliyofungiwa kwa siku 12, ukatokea unga mwekundu juu ya zebaki na hewa ikapungua. Akauchukua ule unga mwekundu, akaupasha kwa moto mkali zaidi, ukarudi kuwa zebaki na ukatoa gesi ileile iliyokuwa imepotea, gesi ambayo Mwingereza Priestley alishaipata mwaka 1774 kwa kupasha unga huohuo na ambayo Lavoisier ndiye aliyeipa jina la oksijeni. Kwa milinganyo ya leo ni 2Hg + O₂ → 2HgO kwenda, na 2HgO → 2Hg + O₂ kurudi. Nguvu yote ya lile jaribio ilikuwa kwenye kurudi. Halafu mwanakemia mwingine Mfaransa, Berthollet, akaenda Misri na msafara wa Napoleon mwaka 1798, akakuta kando ya maziwa ya chumvi magadi yamejilimbikiza. Maabara walishazoea magadi na kalsiamu kloraidi kutoa chokaa na chumvi:

Na₂CO₃ + CaCl₂ → CaCO₃ + 2NaCl

na pale ziwani ilikuwa inakwenda kinyume, chumvi nyingi sana ikikutana na mawe ya chokaa inatoa magadi. Akaelewa kwamba wingi wa vitu unaweza kuigeuza njia ya reaksheni. Zaidi ya miaka 200 imepita, na bado tunawafundisha watoto kwamba haigeuki.

Sisemi kurudi ni rahisi. Karatasi iliyoungua kweli hakuna atakayeirudisha kwa mkono, na mabadiliko mengi ya kikemikali tunayoyaona kila siku yako hivyo. Ila ugumu wa kurudi ni habari nyingine, inahusu nishati na mazingira, haihusu badiliko ni la aina gani. Hata zile dalili nyingine, rangi, mapovu, joto, ni dalili tu za kukufanya ushtuke na kuchunguza, maana maji yakichemka yanatoa mapovu na mapovu hayo ni H₂O ileile.

Sasa fomula. Kipimo cha haraka ni kuandika fomula kabla na baada. Barafu H₂O, maji H₂O, mvuke H₂O, hakuna kilichozaliwa. Fomula ndo utambulisho wa dutu, ukibadilisha hata kile kinamba kidogo cha chini unakuwa umetaja dutu nyingine, na mtu aliyekariri "hairudi" hajawahi kulazimika kulielewa hili. Matokeo yake unayaona akipewa kusawazisha:

H₂ + O₂ → H₂O

Anahesabu oksijeni mbili kushoto, moja kulia, anachofanya anaweka kinamba 2 chini ya O ya kulia inakuwa H₂O₂, hesabu imekaa, anaendelea na maisha. Lakini ile sio maji tena! Ni haidrojeni peroksaidi, kitu kinachochubua rangi na kuua vijidudu, na yeye swali lilimwambia yametokea maji. Kinachoruhusiwa kuguswa ni namba kubwa ya mbele, ambayo inasema molekuli ni ngapi:

2H₂ + O₂ → 2H₂O

Haidrojeni nne huku na nne kule, oksijeni mbili huku na mbili kule, na ukipima kwa gramu ni 4 za haidrojeni na 32 za oksijeni kutoa 36 za maji, hakuna kilichopotea. Na vile vinamba vidogo havikupatikana kirahisi ujue. Mwanakemia Mwingereza Dalton mwanzoni mwa miaka ya 1800 aliyachukulia maji kuwa haidrojeni moja na oksijeni moja, yaani HO, na wanakemia wakabishana juu ya fomula kwa miongo mitano mpaka mkutano wao wa Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1860 ambako Mwitaliano Cannizzaro aliwaonyesha njia ya kukubaliana. Kwa hiyo vinamba hivyo havibadilishwi ili hesabu ikae.

Kuna sehemu hata kipimo cha fomula kinataka uangalifu. Mwanakemia Mjerumani Wöhler mwaka 1828 alipata urea kutoka kwenye amoniamu sayaneti, na ukihesabu atomu tu zote mbili ni CH₄N₂O, kilichobadilika ni nani kashikana na nani, kwa hiyo ni badiliko la kikemikali ingawa hesabu haikusogea. Na chumvi kuyeyuka kwenye maji inawekwa kwenye kiumbo, japo Na⁺ na Cl⁻ zimeachana kabisa mle ndani, na wapo wenye hoja nzuri kwamba ipo katikati. Mipaka ya namna hiyo unaweza kuijadili vizuri ukiwa unauliza swali la dutu, ukiwa unauliza la kurudi hata huioni.

Kwa hiyo ukimkuta mtu kaandika "badiliko la kikemikali hutengeneza dutu mpya na haliwezi kurudishwa", usimkatie sentensi yote, nusu yake ya kwanza ni sahihi na inatosha. Mwambie tu afute kuanzia "na", au kama anapenda kuibakiza aandike "na mara nyingi ni vigumu kulirudisha".