Sashe za Bukavu hazifiki baharini?

Ujumbe mmoja haukomi kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: eti Bukavu, mji wa Kongo kando ya ziwa Kivu, iko mbali na bahari, kwa hiyo kukataza sashe (mifuko ya plastiki) ni kazi bure. Fungua ramani, ufuate maji. Ziwa Kivu humwagika kwa mto Ruzizi hadi ziwa Tanganyika. Mto Lukuga huyachukua maji hayo hadi Lualaba, yaani mto Kongo, mpaka Atlantiki kule Moanda. Kweli, sashe nyingi hukwama njiani: kwenye bwawa la Ruzizi taka hizo huziba mitambo ya umeme, nenda ujionee. Kinachochanganya watu ni kwamba katazo la sashe la 2017 halikufuatwa vizuri, sashe bado zimejaa Kadutu, mtaa wa Bukavu. Hapo kilichoshindwa ni usimamizi. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.