"Fundi, nibanie mafuta": dhana potofu kuhusu kabureta ya bodaboda

Pikipiki ikionekana inakula mafuta, dereva huja na ombi lile lile: "Fundi, nibanie kabureta kidogo." Fundi naye anachukua bisibisi, anakaza nusu mzunguko skrubu ya pembeni ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, anapokea hela yake. Hakuna kilichookolewa.

Dhana: ukikaza skrubu ya kabureta, pikipiki inakula mafuta kidogo.

Skrubu ile inatawala njia ndogo tu ya mafuta, inayolisha injini kabla hujavuta resi na kuendelea mpaka resi ifike kama robo. Ukipita hapo kazi inakuwa ya sindano (inayopanda na kushuka ndani ya kabureta kufuata resi), na resi ikivutwa hadi mwisho, ya jeti kubwa (tundu kuu la petroli). Pikipiki ya cc 125 yenye abiria hutumia muda mwingi kwenye sindano. Ukibana skrubu, unapata injini inayozima kwenye foleni, inayokohoa unapoondoka, na ekzosi inayopiga risasi unapoachia resi. Dereva anavuta choki (inayozidisha petroli) kidogo ili isizime, na hapo petroli inakwenda kuliko mwanzo.

Halafu skrubu hazifanani! Ikikaa upande wa injini, ni ya mafuta: kukaza kunapunguza petroli. Ikikaa upande wa chujio la hewa, ni ya hewa: kukaza kunazidisha. Anayebana bila kutazama anaweza kuwa anaongeza mafuta, na mteja analipia.

Petroli huungua sawasawa kwa sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Nguvu nyingi hupatikana karibu na 12.5 hadi 13, na ulaji mdogo karibu na 15.5 hadi 16. Kwa hiyo nafasi ya kupunguza ipo, ila ni finyu. Ukiivuka, moto unatembea polepole mno, valvu ya ekzosi inafunguka mchanganyiko ukiwa bado unaungua, na joto lililopaswa kusukuma pistoni linatokea kwenye bomba. Injini inalegea, dereva anavuta resi zaidi, valvu inaungua.

Namna ya kuiseti: pasha injini moto dakika 10, kwa mwendo wa kawaida. Izime, kaza skrubu taratibu mpaka iguse (ukiilazimisha, ncha yake inaota mfereji na haitasetika tena), kisha ilegeze mizunguko 2. Washa, izungushe robo robo huku na huku mpaka injini ipande kasi kuliko pote, halafu shusha kasi kwa skrubu ya resi (inayoweka kasi ya injini ikinguruma bila kuvutwa) hadi kama mizunguko 1,400 kwa dakika. Basi. Kama bado inakula, angalia floti (boya la ndani ya kabureta) inayofurisha petroli, valvu zilizobana, breki inayoshika na upepo wa tairi kabla ya kugusa sindano. Ukiigusa, hamisha klipu inayoishika sindano mfereji mmoja tu: klipu ikipanda, sindano inashuka na mafuta yanapungua.

Dhana: plagi nyeupe ni dalili ya injini safi.

Nyeupe ni mafuta machache na joto kupita kiasi. Rangi inayotakiwa ni kahawia hafifu, na plagi isomwe baada ya mwendo wa barabarani. Ukiifungua baada ya injini kunguruma tu ikiwa imesimama, masizi yatakudanganya.

Dhana: mafuta mengi hupoza injini, kwa hiyo yanailinda.

Yakizidi yanasafisha oili kwenye kuta za silinda, yanashuka kwenye oili, na ringi zinakwisha. Nusa kijiti cha kupimia oili: kikinuka petroli, umeshachelewa.

Dhana: ukitoa chujio la hewa, injini inapumua vizuri.

Inapumua vumbi. Mchanganyiko nao unakuwa na hewa nyingi na petroli chache, maana jeti zilichaguliwa chujio likiwepo.

Dhana: kabureta iliyosetiwa Dar inafaa popote.

Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, jeti ile ile inatoa petroli nyingi kuliko inavyohitajika, na plagi inakuwa nyeusi. Anayehamia huko kikazi abadilishe jeti kubwa, ashuke namba moja, kisha asome plagi tena.