Chati ya DNA ya mababu: usidanganywe na vipande vilivyolingana

Ile chati ya ukoo ya nusu duara iliyofunguka kama pepeo, we uko katikati, wazazi wamekuzunguka, halafu babu na bibi wanne, halafu wanane, kila mtu kakatiwa kipande sawa na mwenzie. Inapendeza, ila ukiisoma kama chati ya DNA utapotea, ile inaonyesha nani kamzaa nani basi, sio nani kakuachia nini.

Kwa baba na mama hamna shida, kila mmoja katoa nusu. Kwa babu na bibi ndo mambo yanabadilika. Baba yako ana kromosomu (vile vifurushi vinavyobeba DNA ndani ya seli) alizopewa na baba yake na alizopewa na mama yake, na kabla hazijakufikia wewe zinachanganywa, kipande cha huku kinaungwa na cha kule, halafu we unapata nusu tu ya vyote, kwa hiyo ile robo ya kila babu na bibi ni wastani tu. Tuseme bibi mzaa baba kakuachia asilimia 28, basi babu mzaa baba anabaki na 22 maana wanagawana nusu ileile moja, huyu akizidi yule anapungua. Ndugu yako wa tumbo moja anaweza kuwa kinyume kabisa (labda muwe mapacha wa kufanana), yaani chati ya majina mnayo moja ila ya DNA kila mtu na yake.

Ukipanda juu ndo inachekesha. Vizazi 10 nyuma una nafasi 1,024 za mababu na wengi wao hawajakuachia hata kipande. Ni wazee wako kabisa, ila kwenye DNA yako hawapo! Chati ikichorwa kwa vipimo halisi wengine wananenepa, wengine wanafutika.

Mi ninayoipenda ni chati ya kromosomu X (moja ya zile zinazohusika na jinsia, mwanamke anazo mbili, mwanaume moja), unapaka rangi wale tu ambao X yako inaweza kuwa imetoka kwao. Mwanaume X yake inatoka kwa mama peke yake, kwa hiyo upande wote wa baba unaachwa mweupe, na hata upande wa mama kila ukifika kwa mwanaume unafuata mama yake tu. Hesabu wanaobaki na rangi kila kizazi: 1, 2, 3, 5, 8, kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia. Kwa hiyo kama we ni mwanaume na kipimo cha DNA kinaonyesha umefanana na mtu kwenye kipande kirefu cha X, wa kumtafuta yuko kwenye zile rangi, kwa baba usihangaike.