Katibu Mkuu Kiongozi hakaimu urais

Vijiweni Dodoma, wengi huamini kwamba Rais akisafiri, nchi hubaki mikononi mwa Katibu Mkuu Kiongozi. Si ajabu; kwenye hafla za kuapisha viongozi pale Chamwino huonekana karibu kabisa na Rais.

Cheo ni kizito kweli. Ndiye mtendaji mkuu wa utumishi wa umma na katibu wa Baraza la Mawaziri: huandaa shughuli za vikao, hutunza kumbukumbu, hufikisha maamuzi wizarani. Lakini mjumbe wa Baraza si yeye. Fungua Katiba ya 1977, ibara ya 54, uone waliotajwa.

Kukaimu kumo ibara ya 37(3): Makamu wa Rais, naye asipokuwepo, Waziri Mkuu. Nakala ya Kiswahili ipo mtandaoni, bure.