Maji Yanayokufaa Wewe Yanaweza Kumuua Moina, Kidudu wa Majini

Maji ya Arusha na maji ya Moshi hukutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Mto Themi ukishapita katikati ya jiji la Arusha huingia Kikuletwa, na mito Karanga na Weruweru inayoshuka kutoka Kilimanjaro huishia huko huko. Mto Ruvu nao unaleta ya kwake kutoka upande wa Ziwa Jipe. Bwawa hilo lilijengwa miaka ya 1960, na ndiko kunakotua kila kinachooshwa na mvua za masika: dawa za nyanya, uchafu wa gereji, asidi na risasi kutoka kwa mafundi betri, maji ya kusindikia ngozi yenye kromiamu.

Wavuvi wa perege huniuliza swali la haki kabisa: "Mwalimu, si walipima maji wakasema ni salama? Mbona samaki hawapatikani kama zamani?"

Samaki hupungua kwa sababu nyingi, na nyavu za macho madogo ni mojawapo. Lakini mimi kazi yangu ni vidudu wa majini, zooplanktoni, na swali hilo nalianzia kwenye neno "salama". Salama kwa nani?

Chukua shaba. Shirika la Afya Duniani linaruhusu hadi miligramu 2 kwa lita moja ya maji ya kunywa, yaani mikrogramu 2,000. Sasa mchukue Daphnia, kidudu anayetumika maabara duniani kote kupima sumu ya maji. Kwenye maji laini, makumi machache tu ya mikrogramu za shaba kwa lita yanatosha kuwafanya nusu yao washindwe kuogelea ndani ya saa 48. Maji yaliyopata cheti bila shida yoyote yanaweza kuwa yamemwua yeye mara nyingi. Mtoto wa perege akitoka kinywani mwa mama yake, chakula chake cha mwanzo ni vidudu wa jamii hiyo.

Kwenye joto letu la tambarare, Daphnia wakubwa si wengi. Wenyeji wa kawaida ni Moina, Ceriodaphnia na Diaphanosoma, ambao pamoja na Daphnia ni wa kundi moja, kladosera. Mweke Moina chini ya hadubini uone: mwili wake unaangaza kama kioo, moyo unadunda haraka mgongoni, na nyuma ya moyo kuna mfuko wa mayai. Miguu yake haitulii. Inachuja maji mchana na usiku, ikikusanya mwani na chembe za udongo na kuzipeleka mdomoni. Hapo ndipo anaponaswa, kwa sababu metali nzito kama shaba, zinki na risasi hazielei zote peke yake majini. Nyingi hushika kwenye chembe zile zile anazozila. Tafiti za maabara zimeonyesha kwamba metali inayopitia kwenye chakula inaweza kupunguza uzazi hata pale ambapo maji yenyewe hayamwui mnyama mzima. Ukimtazama utamwona anaogelea vizuri tu. Kinachopungua ni watoto.

Shaba yenyewe inatoka wapi? Kwa miaka mingi wakulima wa kahawa kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani ya Wachagga, wamepiga dawa zenye shaba dhidi ya chulebuni na kutu ya majani. Shaba haiozi. Inabaki kwenye udongo, na mvua kubwa ikija inateremka na tope kupitia mifongo, yaani mifereji ya asili ya umwagiliaji, hadi mtoni. Ndiyo maana nafurahi kila ninapoona shamba limepandwa miche chotara ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI) iliyoko Lyamungu, inayostahimili magonjwa hayo: mkulima anapunguza gharama ya dawa, na mto unapunguziwa mzigo. Wakulima wa nyanya bado wanategemea sana mankozebu, dawa ya ukungu ambayo ndani yake kuna manganisi na zinki.

(Nikitaja maji ya Arusha, wengi hukimbilia floridi inayotia meno rangi ya kahawia. Floridi si metali nzito. Inatokana na miamba ya volkano, na hilo ni suala jingine.)

Watu wengi wakipata sampuli huhesabu vidudu wote kwa jumla, na jumla inadanganya. Tuseme una chupa mbili, kila moja ina vidudu 1,000. Ya kwanza ina spishi nane zilizogawana sawasawa. Ya pili ina Brachionus 900, ambaye ni rotifera, kundi jingine la vidudu wadogo wa majini, na spishi nyingine mbili zenye 50 kila moja. Jumla ni ile ile, lakini kipimo cha Shannon cha uanuwai, ambacho hupanda spishi zikiwa nyingi na zimegawana sawa, ni 2.08 kwa ya kwanza na 0.39 kwa ya pili. Spishi chache zinazovumilia zimejaza nafasi ya zilizoondoka, na kladosera mara nyingi ndio hutangulia kuondoka.

Hata hivyo, sitakubali mtu aone kladosera wachache akalaumu metali hapo hapo. Samaki nao huwala wale wakubwa kwanza, na maji taka yenye mbolea humstawisha Brachionus bila metali yoyote. Lazima upime vyote kwa pamoja, siku moja, mahali pamoja. Kokota wavu wa matundu madogo kutoka chini hadi juu. Maji ya kupimia metali yachujwe na kutiwa asidi ya nitriki, kwenye chupa iliyooshwa kwa asidi kabla. Chupa iliyosuuzwa kwa maji ya bomba itakupa zinki ya bomba, si ya bwawa.

Na tope lichukuliwe. Huko Sudbury, Kanada, viwanda vya kuyeyusha nikeli na shaba vilichafua maziwa mengi. Uchafuzi wa hewa ulipopunguzwa kuanzia miaka ya 1970, asidi ya maji ilianza kushuka, lakini katika baadhi ya maziwa kladosera walichelewa sana kurudi, kwa sababu shaba na nikeli zilikuwa bado zipo. Kwetu nina wasiwasi zaidi na kina kifupi cha maji: ukame ukipunguza maji, upepo unavuruga tope la chini. Na humo humo kwenye tope ndimo kladosera huacha mayai yao magumu yanayosubiri hali nzuri, wakati mwingine kwa miaka mingi.

Kwa hiyo wanaopima Nyumba ya Mungu au maziwa ya Jipe na Duluti, naomba wapime mvua za kwanza za masika zinapoleta tope, si kiangazi peke yake, na majaribio ya sumu yafanywe kwa Moina wa hapa hapa, kwenye maji ya hapa hapa. Maji yetu yana sodiamu nyingi kuliko kalsiamu, na kalsiamu ni mojawapo ya vitu vinavyomkinga mnyama huyu dhidi ya shaba.