Funguo zinazoangusha programu: dhana potofu na ukweli

Kamusi, au safu ya funguo na thamani, ni rahisi kuielewa: unaweka thamani chini ya ufunguo, baadaye unaichukua kwa ufunguo uleule. Urahisi huo ndio unaotuponza. Programu ikianguka tunakagua thamani, tunakagua mstari uliotajwa kwenye ujumbe wa hitilafu, na ufunguo tunaupita kama jirani tuliyemzoea. Kwa uzoefu wangu, mara nyingi mwizi ni huyo jirani.

Dhana: ufunguo ni ufunguo tu, uwe namba au maandishi.

Hapa ndipo penye visa vingi kuliko kwingine. Chukua miezi ya mwaka iliyoandikwa kwa tarakimu mbili, "01" hadi "12", nawe unahesabu matukio ya kila mwezi. Katika Bash, lugha ya skripti za terminali, ukisahau kutangaza `declare -A hesabu`, hiyo si kamusi tena. Ni safu ya kawaida, na kilichomo ndani ya mabano hukokotolewa kama hesabu. Namba inayoanza na sifuri husomwa kwa kizio cha nane. Kuanzia "01" hadi "07" mambo ni shwari. Ikifika Agosti, `hesabu[08]` inagoma kwa ujumbe `value too great for base`, kwa kuwa kizio cha nane hakina tarakimu 8. Septemba vilevile. Oktoba skripti inafufuka yenyewe, maana "10" haina sifuri mbele. Aliyegusa msimbo siku ya mwisho ya Septemba atapongezwa bure.

Funguo zikiwa majina ya watu, Bash hiyohiyo haianguki, na hilo ni baya zaidi. Kila jina ambalo si kigeu (variable) chenye thamani huhesabiwa kuwa 0, basi wote wanarundikwa kwenye nafasi moja na wa mwisho anamfuta aliyemtangulia.

PHP ina ujanja wake. Maandishi "10" yakitumika kama ufunguo hugeuzwa kuwa namba kamili, lakini "08" hubaki maandishi kwa sababu ya ile sifuri. Ndani ya kamusi moja, miezi 9 ni maandishi na 3 ni namba. Ukiwa umewasha `strict_types=1`, yaani umeikataza PHP kugeuza aina yenyewe, halafu ndani ya mzunguko wa `foreach` ukaupeleka ufunguo kwenye `strlen()`, inayopima urefu wa maandishi, programu itakwenda vizuri hadi Septemba, kisha Oktoba ianguke kwa `TypeError`. Programu mbili, miezi ileile, na kila moja ina msimu wake wa kuugua!

Kwa hiyo kabla ya kushuku kitu kingine, chapisha ufunguo pamoja na aina yake. Katika PHP `var_dump($ufunguo)` inatosha. `Echo` itakuficha, kwa sababu 10 na "10" huonekana sawa.

Dhana: kamusi hukumbuka mpangilio nilioingiza vitu.

Python inafanya hivyo kama kanuni ya lugha tangu toleo la 3.7, na PHP pia. JavaScript hufanya nusu: katika objekti ya kawaida, funguo zinazofanana na namba kamili hutangulizwa, kwa mpangilio wa kupanda. Miezi yetu itatoka 10, 11, 12, ndipo 01 ifuate. Go nayo imeamua kwa makusudi kubahatisha pa kuanzia kila unapoizungukia ramani (map, ndiyo kamusi ya Go), ili mtu asiutegemee mpangilio. Jaribio likifaulu mara tatu likafeli ya nne, bila msimbo kubadilika, anza kushuku hapo.

Dhana: kusoma hakubadilishi kitu.

Katika C++, `orodha["asha"]` juu ya `std::map` huuunda ufunguo usipokuwepo. Kama thamani zake ni vielekezi (pointers, anwani za kumbukumbu), umejiwekea `nullptr`, kielekezi kisichoelekeza popote, kimyakimya, na programu itakufa baadaye, kwenye faili jingine, mikononi mwa mtu asiye na hatia. Tumia `find()` au `at()`. `defaultdict` ya Python ina tabia hiyohiyo: ukiisoma kwa ufunguo mpya katikati ya mzunguko unaoipitia, utaambiwa kamusi imebadilika ukubwa, nawe utaapa kwamba hukuongeza chochote.

Dhana: nimeuona kwa macho yangu, ufunguo upo.

Faili la CSV limesomwa, vichwa vya safu wima vimechapishwa, `jina` ni la kwanza kabisa. Bado Python inasema `KeyError: 'jina'`. Ukichapisha kwa `repr()` ndipo unaona `'\ufeffjina'`: faili lilihifadhiwa likiwa na alama isiyoonekana mwanzoni, nayo imejibandika kwenye kichwa cha kwanza. Ndiyo maana safu nyingine zote zinafanya kazi. Fungua faili kwa `encoding="utf-8-sig"`, yaishe. Nafasi iliyosahaulika mwishoni mwa neno huleta balaa lilelile, nayo pia haionekani mpaka uchapishe alama za kufungua na kufunga maandishi.

Dhana: nyuzi mbili (threads, kazi mbili zinazoendeshwa sambamba ndani ya programu moja) zikigusa funguo tofauti, hazigombani.

Zinagombana, kwa sababu kinachogombaniwa ni jedwali lililo chini ya funguo hizo. Kamusi ikijaa, jedwali hupanuliwa na vyote vilivyomo huhamishwa. Anayeandika wakati huo anaandika kwenye nyumba inayobomolewa. Kabla ya Java 8, `HashMap` iliyopanuliwa na nyuzi mbili kwa pamoja iliweza kujifunga duara ndani yake: programu haianguki, inazunguka tu huku prosesa ikiwa asilimia 100. Go ikiwagundua waandishi wawili hutoa `fatal error: concurrent map writes`, na `recover()`, ambayo kwa kawaida huiokoa programu isianguke, haiwezi kuizuia. Endesha programu kwa `go run -race`, inayowasha kigunduzi cha nyuzi zinazogongana. Zikigongana mbele yake, itakutajia mistari yote miwili, wa aliyeingia kwanza na wa aliyemvamia.